Himaya Yangu ya Maharage

Siku tuliyomzika mume wangu, mchungaji alisimama kando ya kaburi akawasimulia watu habari ya upendo wetu. Alisema mwaka ule tulipofiwa na mtoto, nikawa nakaa peke yangu kwa mama mkwe huko Bashay, mume wangu alikuwa anapanda lori la shamba kila Jumapili kuniletea habari za mchezo tuliokuwa tunaucheza na wenzetu, ili nisikate tamaa. Wanawake walifuta machozi kwa ncha za kanga. Mmoja nyuma yangu akasema waume wa namna hiyo walishakwisha duniani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mjane, na mjane hamkatizi mchungaji. Sasa nimezeeka, na sioni tena sababu ya kunyamaza. Nitaanza na mchezo wenyewe, kwa sababu asiyeuelewa mchezo hatanielewa mimi.

Tulikuwa tunaishi kwenye kota za shamba la ngano la serikali, kwenye uwanda wa Basotu, miaka ile ambayo ngano ndiyo ilikuwa kila kitu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya pale shambani, nafundisha Jiografia na Hesabu. Mume wangu alikuwa mtunza stoo ya vipuri karakana. Wote wawili ni Wairaqw, mimi wa Maretadu, yeye wa Bashay, watoto wa kanisa na wa shule, na tulijiona watu wa kisasa kwelikweli. Mvua zikishika, trekta haziwezi kuingia shambani. Udongo unanata mpaka magurudumu yanazama. Jumamosi za mvua watu wa kota hawakuwa na kazi. Wengi walikwenda kwenye pombe, sisi tukacheza vita.

Mchezo tuliupata kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuja kufundisha watu kuendesha kombaini za kuvunia ngano. Alikuwa na ubao wenye ramani ya dunia nzima, na alitukaribisha kwake tukajifunza. Mkataba wake ulipokwisha akaondoka na ubao wake. Mume wangu alihuzunika kana kwamba kafiwa. Nikamwambia dunia nzima ya nini, sisi tuna nchi yetu. Nikanunua kitambaa cheupe cha amerikani, nikachora kwa wino wa shule kuanzia bonde la Eyasi hadi Mlima Hanang: Mbulu mjini, Bashay, Maretadu, Dongobesh, Haydom, Basotu, Katesh na nchi nyingine ndogondogo katikati. Barabara nilizichora kwa rangi nyekundu. Palipokuwa na korongo au mteremko usiopitika niliweka mstari mzito mweusi, na hapo hakuna jeshi lililoruhusiwa kuvuka. Kazi ile ilinichukua likizo nzima na niliionea fahari.

Tulikuwa wachezaji wanne, na askari wetu walikuwa mbegu. Mume wangu alitumia mahindi. Bwana shamba, kijana aliyeletwa kutoka kusini kusimamia upandaji, alichukua ngano, na nani angemkatalia. Wa nne alikuwa mfanyabiashara wa Katesh, mzee wa Kiislamu aliyeleta sukari, sabuni na mafuta ya taa kwenye duka la kota. Huyu alicheza na mtama. Mimi nilichukua maharage, yale mekundu ya kwetu Maretadu. Zamu ikikufikia, kwanza unavuna: unapata mbegu mpya kulingana na nchi ulizonazo. Kisha unaweza kushambulia jirani, na dadu za ludo ndizo zinazoamua nani anatoa mbegu zake kitambaani. Mwisho unahamisha jeshi lako mara moja tu, kutoka nchi moja hadi nyingine. Halafu unakaa, unangoja wenzako watatu, na katika kungoja huko ndiko akili ya mtu inakoonekana.

Bwana shamba alicheza kama alivyolima. Aliupenda uwanda, akaenea haraka, nchi nyingi, kila moja na punje moja ya ngano juu yake. Akivuna anavuna kwa wingi, lakini uwanda hauna mlango, kila upande ni njia ya kuingilia. Nilimwambia mara nyingi kwamba mtaka yote hukosa yote, akacheka. Mzee wa Katesh alikuwa mtu wa subira. Aliuweka mlima mgongoni, akatengeneza urafiki na kila mtu, na alishambulia pale tu alipoona wengine wawili wamechoshana. Mume wangu alikuwa na mtindo wake mmoja usiobadilika. Alirundika mahindi yake yote mahali pamoja, akangoja, akarundika tena, kisha akatoka na rundo zima kwa barabara moja. Akishinda anashinda sana, akishindwa amekwisha. Nilimtania kwamba hata stoo yake ameipanga hivyo, filta zote kwenye rafu moja mpaka rafu inapinda.

Mimi nilikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, usichukue nchi usiyoweza kuilinda zamu inayofuata, kwa sababu utakuwa umemsafishia njia adui. Ya pili, tafuta mpaka mfupi. Nyanda za juu zilikuwa na milango miwili tu, Dongobesh na Haydom. Mwenye milango hiyo hahitaji kuweka zaidi ya punje moja Bashay au Maretadu, maana hakuna atakayefika huko bila kupita mlangoni. Nguvu zote anazipeleka mbele. Kwa hiyo kila mchezo nilianza polepole, watu wakanidharau, nikaifunga milango yangu, nikavuna kimya kimya, na kabla chai haijapoa mara ya pili nilikuwa nateremka Basotu na maharage yasiyohesabika. Nilikuwa hodari. Nasema hivyo bila haya, sababu hakuna aliyebaki wa kunisemea.

Nilicheza hata na mimba, tumbo likigusa meza. Mtoto alipozaliwa, wa kike, nilimpakata huku narusha dadu. Mzee wa Katesh alimletea kofia ya sufu. Wakati ule walianza kuniita mama fulani badala ya mwalimu, na mume wangu baba fulani, na nilipenda sana jina lile.

Mchezo mmoja ulikuwa umefika katikati mtoto alipougua homa. Alikuwa bado ananyonya. Tulimpeleka hospitali, tukarudi naye, tukampeleka tena, na mara ya pili tukarudi na sanduku. Sitaeleza zaidi hapo. Maziwa yaliendelea kutoka siku nyingi baada ya mazishi, na hilo ndilo nililomlaumu Mungu nalo kuliko yote.

Kwetu Wairaqw, mwanamke akifiwa na mtoto wa kunyonya anaingia metimani. Maana yake anatengwa. Hali chombo kimoja na watu, haingii nyumba zao, hapiti na ng'ombe wao, hachoti maji wakati wanachota, hagusi mbegu zao, mpaka wazee watakapomfungua. Inasemekana kifo kinamfuata na kinaweza kuambukiza. Kanisa lilikuwa limehubiri dhidi ya jambo hilo kwa ukali, na familia nyingi zilishaliacha au kulipunguza. Mume wangu mwenyewe alikuwa akilicheka mbele ya bwana shamba. Lakini mama yake alikuja kutoka Bashay, akakaa nje ya mlango wetu bila kuingia, akasema nimfuate. Mume wangu akaniambia ni muda mfupi tu, tumridhishe mama, asije akafa kwa wasiwasi. Nikakubali, sikuwa na nguvu ya kubishana. Kwa desturi naye alipaswa kutengwa, ila wazee walimfungua baada ya siku chache kwa sababu alikuwa mtu wa kazi ya serikali na ngano haisubiri. Mimi mwalimu nilisubirika, darasa langu akapewa mwingine.

Nilipewa kibanda upande wa chini wa boma, na chungu changu, na kibuyu changu, na ngozi ya kulalia. Mama mkwe aliniletea chakula akakiacha kwenye jiwe karibu na ua wa miti ya manyara, akarudi nyuma ndipo nikakichukua. Hakuwa mkatili. Yeye mwenyewe alishakaa kwenye kibanda kile kwa ajili ya watoto wake waliokufa, na alitenda aliyotendewa. Majirani walipopita nilisema shikamoo kwa mbali, wakaitika marahaba bila kusimama. Watoto waliambiwa wasinijibu kabisa. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nina cheti cha ualimu, na watoto wa watu wananikimbia njiani.

Jumapili ya kwanza mume wangu alipokuja, alisimama upande wa nje wa ua. Hatukujua tuitane nani. Mama fulani hakuwepo tena, baba fulani hakuwepo. Akasema, "Mwalimu, umeamkaje," nikasema nimeamka. Kisha, kwa kukosa la kusema, nikamuuliza mchezo umefika wapi. Akasema wameuacha vilevile kitambaani, wananingoja. Sijui hata leo kama alisema hivyo kwa huruma au kwa kukosa jibu lingine, lakini neno lile "wanakungoja" lilinishika. Kumbe kulikuwa na watu mahali fulani walioningoja. Nikamwambia zamu ni yangu. Nikampa mipango yangu yote mdomoni: avune, aweke maharage mapya Haydom, ashambulie nchi mbili ndogo za bwana shamba na asiende mbali zaidi. Yale maharage mapya niliyatoa kwenye chakula changu cha kupika, nikamwekea juu ya jiwe, nikarudi nyuma, akaja akayachukua, akayatia mfukoni.

Baada ya hapo niliishi kwa ajili ya Jumapili. Nilichora ramani upya kwenye sakafu ya udongo ya kibanda, kwa kijiti, mistari mizito na yote. Mama mkwe alinipa mahindi na mtama wa kupika, nikatoa punje kidogo kidogo. Ngano sikuwa nayo, nikaweka mawe madogo meupe. Kila Jumapili mume wangu alileta habari za wenzangu watatu walivyocheza, na dadu zilivyoanguka, nami nikapanga majeshi sakafuni sawasawa na alivyosema. Wiki nzima nilikuwa nawaza. Ikiwa mtama utatoka Katesh, utapitia wapi? Ikiwa ngano imejaa Basotu, je, niikatie njia au niiache ijinyooshe mpaka ikatike yenyewe? Nilipowaza hivyo sikuwaza mtoto. Ndiyo faida yake, na nilijua ndiyo faida yake, na nilishikilia kwa mikono miwili.

Lakini mambo yalianza kuniendea vibaya. Kwanza nilipoteza zile nchi ndogo za uwandani. Hilo sikulijali. Kisha mtama na ngano vikaungana dhidi yangu, jambo ambalo halikuwahi kutokea, maana mzee wa Katesh hakumwamini bwana shamba hata kwa kiberiti. Nikauliza walipatana lini. Mume wangu akasema wamepatana tu. Haydom ikaanguka. Mlango mmoja ukawa wazi, na ghafla Maretadu yangu, iliyokuwa na punje moja, ikahitaji jeshi. Nilipunguza Dongobesh kuokoa Maretadu, wiki iliyofuata wakaipiga Dongobesh. Kila Jumapili dadu zilinikataa. Nilimwuliza mume wangu kama wanarusha ndani ya kikombe au mezani, akasema ndani ya kikombe kama kawaida.

Kuna kitu kilinisumbua hata wakati ule. Nilikuwa nikiangalia sakafu yangu, naona bwana shamba anarundika. Bwana shamba, ambaye hakuwahi kuweka punje mbili mahali pamoja, alikaa Basotu zamu tatu bila kusogea, akijaza, kisha akatoka na rundo lote kwa barabara moja. Na mzee wa Katesh vilevile. Nikajiambia wamejifunza kwa mume wangu. Nami nikajifunza jinsi ya kuwapiga watu wanaocheza hivyo. Ukimwachia mtu wa namna hiyo nchi tupu mbele yake, hawezi kujizuia, ataingia na rundo zima. Kwa hiyo niliiondoa kila punje kwenye nchi iliyokuwa jirani na Dongobesh, nikaiacha wazi kabisa, na maharage yangu yote nikayakusanya pembeni. Nikamweleza mume wangu zamu ile neno kwa neno, nikamrudisha tangu mwanzo alipoonekana hajaelewa. Jumapili iliyofuata alianza kwa kuniuliza habari za kuni na maji. Kisha akasema Dongobesh nimeirudisha.

Nilicheka kwa sauti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu mazishi, na kicheko kilinitoka kama chafya, sikukizuia. Mama mkwe alitoka ndani akaniambia, bila ukali, kwamba mwenye msiba hapigani vita, na kwamba mwanamke wa metimani hacheki hivyo, majirani watasemaje. Mume wangu aliinamisha kichwa akaenda zake kwenye lori. Nilidhani ameona aibu kwa ajili ya mama yake.

Waliichukua tena Dongobesh baadaye, kwa dadu mbaya kuliko zote. Mpaka ngano ya kweli ilipokauka mashambani na kombaini zikaingia, nilikuwa nimebaki na Bashay na Maretadu tu. Nchi mbili, zimeegemeana, mgongo kwenye ule mstari mweusi usiovukika. Wiki baada ya wiki walikuja, wiki baada ya wiki nilipanga upya. Mume wangu alianza kuniambia nikubali tu kwamba nimeshindwa, ni mchezo, hata wenzangu wamechoka. Nikamwambia waje wanitoe. Mtu aliyenyang'anywa mtoto hatoi nchi yake ya mwisho kwa kuombwa.

Hatimaye wazee walikuja kunifungua. Walifanya waliyoyafanya, nikanyolewa, nikaoga, chungu changu kikavunjwa, nikaambiwa mimi ni mtu kama watu. Mama mkwe alinishika mkono, akalia sana, nami nililia naye. Siku chache baadaye nilipanda lori nikarudi kota. Njiani nilikuwa nawaza jambo moja tu, kukaa kwenye kiti changu Jumamosi ile, kati ya bwana shamba na mzee wa Katesh, niwaone uso kwa uso na kuwaambia sasa mwenyewe nipo. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba nikikaa pale, watu wakanisogezea dadu zilizotoka mikononi mwao, ndipo nitakuwa nimerudi kweli. Wazee walikuwa wamenifungua kwa maneno, lakini mimi nilitaka kiti kile.

Mzee wa Katesh alikuwa dukani anashusha sukari. Nikamsalimu shikamoo mzee, akaitika marahaba mwalimu, akanishika mikono yote miwili bila woga wowote, akanipa pole ya mtoto. Aliniambia Mwenyezi Mungu anajua zaidi. Nikamshukuru, kisha nikamwambia kwa utani kwamba ajiandae, Jumamosi nitamrudisha mlimani kwake. Akanitazama.

"Mwalimu, mchezo gani?" akasema. "Mumeo alituambia umeuacha. Alisema hutaki hata kuusikia ukitajwa. Tulikuwa tumekungoja, siku ile ya kwanza tulikuwekea kiti. Basi tukaheshimu msiba wako, tukafuta, tukaanza upya watu watatu."

Nilimuuliza kama hakuwahi kuungana na bwana shamba. Akacheka kidogo, akasema aungane na yule kijana kwa lipi. Nikamuaga. Nilitembea kutoka dukani kwenda karakana katikati ya mchana, jua kali, vumbi la makapi ya ngano limetanda, na kila hatua nilikuwa naiona sakafu ya kibanda. Marundo yale. Barabara moja. Hakuna aliyekuwa amejifunza kwa mume wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nilikuwa nimekifulia nguo zake miaka yote hiyo.

Stoo ya vipuri ilikuwa na dirisha la waya ambapo mafundi walipokelea vitu. Mume wangu alikuwa ndani, anapanga mikanda ya feni. Sikuingia. Nilisimama dirishani.

"Nani aliichukua Haydom?" nikamuuliza.

Hakujifanya hajui. Aliweka mkanda chini. "Mimi."

"Na mtama uliokuja Maretadu?"

"Ni mimi. Wao hawajui lolote."

Nikamwuliza kwa nini. Alisema Jumamosi ile ya kwanza alikwenda na maharage yangu mfukoni, na nia yake ilikuwa njema. Wenzake walikuwa wamekaa, mbegu zao ziko kitambaani. Akaingiza mkono mfukoni, mkono ukakataa kutoka. Maharage yale yametoka mkononi mwangu, nami niko metimani, na pale kuna ngano ya mtu na mtama wa mtu. Alisema alijua ni upuuzi. Alijua kwamba bwana shamba angemcheka, na kwamba yeye mwenyewe angemcheka mwingine. Lakini hakuweza kuzichanganya mbegu. Na kwa kuwa hakuweza kuwaeleza watu wa nje aibu hiyo, akawaambia nimeacha mchezo.

"Maharage yangu uliyapeleka wapi?"

"Niliyamwaga barabarani usiku ule, nikitoka mchezoni."

Hilo ningeweza kumsamehe. Nasema kweli. Mimi ni mtoto wa huku, najua woga huo unavyokaa mwilini hata baada ya shule na ubatizo. Angeniambia nyuma ya ua kwamba ameshindwa, ningelia siku moja. Hata kunizulia mchezo ningeweza kumsamehe, kwa maana aliniona nimeshikilia kamba akaogopa kuikata. Kilichonichoma ni kingine, nikamwuliza hicho.

"Ulikuwa peke yako. Adui wote ni wewe, dadu ni mdomo wako. Kwa nini nilikuwa nashindwa?"

Aliangalia mikono yake. "Nilitaka uchoke," akasema. "Niliona ukishaisha, mchezo utakuwa umekwisha, nami sitakuwa na la kuzua kila Jumapili. Nilikuwa nakaa kwenye lori naumiza kichwa jinsi ya kukumaliza. Lakini kila nikija unakuwa umeshapanga."

"Na Dongobesh?"

"Siku ile uliniweza. Nilitafuta jibu wiki nzima, sikupata."

Nilisimama pale, na hasira iliyonishika sijawahi kuipata tena maishani, hata alipokufa na ndugu zake wakaja kugombania ng'ombe. Nilikuwa kwenye kibanda, maziwa bado yanatoka, watoto wananikimbia, na mtu pekee aliyekuja kuniona alikuwa anakuja kunipiga. Kila Jumapili alikaa kwenye lori akitafuta namna ya kuninyang'anya nilichobakiza. Nami nilikuwa nikimshukuru. Nilikuwa nikimwambia ahsante kwa kuja.

Nikamwambia alete kitambaa. Nikamwambia tukae, hapo hapo kwenye kaunta yake, mchana ule, mimi na yeye tu. Achukue mahindi, mtama na ngano, vyote. Mimi nianze na Bashay na Maretadu kama aliponiacha, nchi mbili tu, na dadu tuzirushe mezani.

"Nimechoka na mchezo huo," akasema. Kisha dereva mmoja wa trekta akaja nyuma yangu kuomba mkanda, akanisalimu shikamoo mwalimu, nikaitika, na mume wangu akageuka kwenye rafu kumtafutia saizi.

Jumamosi nilikwenda mezani. Wenzangu walinisogezea kiti, wakanipa dadu, wakafurahi kweli. Mume wangu alisema ana kazi karakana. Nilicheza zamu chache, bwana shamba akaenea uwandani na punje zake mojamoja kama zamani, na sikupata hamu ya kumfukuza. Sikuwa na ugomvi nao, wala wao hawakuwa na ugomvi nami. Waliniuliza kama naumwa. Msimu uliofuata bwana shamba alihamishwa, mzee wa Katesh akazeeka akawaachia wanawe duka, na kitambaa kikabaki kwenye sanduku langu.

Mimi na mume wangu hatukuachana. Tulizaa watoto wengine, wakaniita mama, tukajenga Bashay, na shamba la ngano nalo likafika mwisho wake tukiwa tumeshastaafu. Alikuwa baba mzuri kwao na hakuwahi kuniinulia mkono. Lakini kila mwaka mvua ziliposhika na kazi ikasimama, nilitandika kile kitambaa mezani nikamwambia tucheze, mimi na yeye. Hakukubali hata mara moja, kwa sababu ingebidi arushe dadu nikiwa naangalia.